Waraka, Kisima Namba Tisa

Waraka ulifika Jumatatu na gari la dizeli,
umefungwa kwa gundi, umepigwa muhuri mwekundu: SIRI.
Dereva aliniambia yaliyomo
kabla sijapata miwani.

Ibara ya kwanza: miundombinu hii ni moyo wa taifa.
Nikaitazama pampu yangu. Inavuja mafuta.
Hukohoa saa nane usiku, nami huwa macho
kabla haijakohoa mara ya pili.
Moyo wa taifa, nikaiambia, pole.

Ibara ya pili: nywila zote zibadilishwe.
Ya kwetu iko ukutani, kwa rangi ya mafuta,
mkono wa marehemu Mhandisi Sakalani:
Maji, halafu moja mbili tatu nne.
Nimeipaka chokaa mara mbili. Jua la Makutupora
huibabua chokaa, maneno yakarudi
kama jina la mtu mnayedaiana.
Nikaweka mpya. Siitaji hapa.
Herufi ya tatu imenitesa wiki nzima.

Ya tatu: kila mgeni na kitambulisho chake.
Ya nne: vichaka, mita kumi kutoka uzioni.
Nikafyeka minyaa, utomvu ukaniwasha macho
nikalia kama mfiwa, peke yangu, saa za kazi.

Ya tano: matundu ya uzio yazibwe.
Hapo nikaikunja karatasi.

Tundu ni moja. Nalijua, nimelilea miaka kumi na moja.
Linapitisha ndoo, na mgongo wa Mama Mandege.
Valvu ya kaskazini hudondosha, tone, tone,
mpaka alfajiri ni ndoo mbili.
Bomba kuu limepita mlangoni pake kwenda mjini,
nene kama ng'ombe mwenye mimba,
halijampa kikombe.
Mji hupata maji;
yeye hupata mtetemo chini ya kitanda.

Jumatano nikaliziba, kwa waya, mizunguko saba.
Alikuja. Akatazama. Hakuuliza.
Aliipindua ndoo, akaikalia,
akaanza kuchambua mlenda.

Ijumaa, gari jeupe.
Wanaume wawili, kofia ngumu, makoti ya kung'aa,
vitambulisho vyenye picha na utepe wa buluu.
Nikakagua, kama ilivyoandikwa.
Nikajaza daftari kwa mwandiko wa shule.
Wamekuja kupima nyaya za ardhini, wakasema.
Nikafungua lango. Nikasema karibuni.

Ndipo nje ya uzio, kwa Kigogo,
kwa sauti ile ya kufukuzia mbuzi,
Mama Mandege akasema bila kuinua macho:
"Huyo mrefu alipita kwangu juzi.
Aliniuliza wewe hulala saa ngapi."

Nilipofika nyuma ya nyumba ya pampu
mita sita za shaba zilikuwa zimeshakatwa,
zimejiviringisha kwenye vumbi, zinameta.
Waliruka uzio. Waliacha mkasi,
kofia moja, na majina yale mazuri daftarini.

Usiku ule Nkuhungu walifua,
Area C mtu alimwagilia maua,
hospitalini mtoto aliogeshwa mara yake ya kwanza.
Hakuna aliyejua. Kazi hii ikienda vyema
hakuna kilichotokea.

Fomu ya tukio ina kisanduku:
Kifaa kilichobaini tishio.
Nikaandika: jirani.
Ikarudishwa. Tafadhali taja aina
na namba ya usajili ya kifaa.

Tundu bado limezibwa. Waraka ni waraka.
Nimeomba koki nje ya uzio, barua tatu,
ya mwisho nimeitia na mimi muhuri: SIRI,
labda itasomwa.

Kwa sasa ndoo mbili nazitoa mwenyewe,
kwa lango kuu, alfajiri, nikiyumba kidogo,
kisha nafungua daftari la wageni:
Jina, Mandege. Kitambulisho, namfahamu.
Shughuli iliyomleta —
hapo kalamu husita kila siku,
na kila siku huandika: ulinzi.